Mbao za Benzi la Baba

Ijumaa, 2 Mei

Kanzu ya Baba ina damu. Nilimwona akitoka garini alasiri, anapapasa ukuta kurudi ndani, na mkono mzima wa kanzu mwekundu. Nikamkalisha. Baba, umejikata wapi? Hajui. Ati alidhani ni jasho.

Ni kidole cha shahada, mkono wa kulia. Kimechanwa na vanishi ya lile Benzi. Mbao za mbele zimepasukapasuka, vanishi imeinuka kama magamba, na yeye kila siku lazima azipitishie vidole kutoka mlango huu hadi mlango ule. Mtu ana sukari! Haoni! Halafu anapapasa vigae.

Nimemuosha, nimemfunga, na nimemgombeza — astaghfirullah — mpaka sauti ikanikauka. Nikamwambia gari hilo lilikufa siku ile hoteli ya Diani ilipofungwa. Yule mzungu mwenye hoteli alimpa liwe asante ya kuwabeba wageni wake ujana wake wote. Sasa asante imekaa bandani inaoza, hata betri haina. Akaniacha nimalize. Kisha akasema polepole, Husna mwanangu, mbao zimeharibika. Hazina ule utelezi. Nikizigusa si zile. Nitengenezee.

Nilikwenda kufua kanzu.

Jumamosi, 3 Mei

Amin amepiga simu kutoka Mombasa. Ndugu yangu huyu kila tatizo ana jibu, na kila jibu ni kutupa. Waite watu wa vyuma, Husna, walikatekate, Baba atasahau. Nikamwambia njoo umwambie wewe. Ana shughuli.

Atasahau nini? Ndani ya nyumba Baba ni mgonjwa. Anajigonga, anashika ukuta, haneni mpaka asemeshwe. Presha ya macho imemchukulia kila kitu. Akiketi kwenye kiti cha dereva ni mtu mwingine kabisa. Pale anajua kila kitu kilipo. Anaweka mkono juu ya ubao na kuanza: siku ile mvua imekata barabara, nina mama mmoja wa Kijerumani huko nyuma anasali kwa lugha yake, mie nasali kwa yangu… Hadithi hizo nazijua kuliko yeye. Lakini ni sauti. Nyumba hii haina sauti nyingine. Tangu Mama afariki ni mie, yeye, na redio.

Nitazitengeneza. Mie nawachora maharusi hina na piko, ule wino mweusi, mkono wangu hautetemeki. Ubao utanishinda nini?

Jumapili, 4 Mei

Nimezitoa zote. Ule ubao mrefu wa mbele, vibao vinne vya milango, na kile cha kati penye kisahani cha majivu. Baba alisimama nje ya gari akinielekeza skrubu zilikojificha, nami nikilala chali chini ya usukani na bisibisi mdomoni. Mle ndani harufu inamjaa mtu mpaka kichwani: udi, nazi, ngozi ya viti. Kama chumba cha bibi harusi. Nilipiga chafya mpaka Baba akacheka. Kacheka!

Shangazi Mwanapili, dadake Baba, amefika kutoka Bodo na kaa kwenye kikapu. Kaona mbao zimelazwa juu ya mkeka akauliza kama tumeshachinja. Halafu akaniita kando. Kwa maoni yake mle garini mna jini la kizungu, la kike, ndilo linalomweka kakake pale kila alasiri. Apungwe. Nikamwambia Shangazi, jini gani la kizungu linalokubali kukaa kwenye banda la makuti? Kanuna mpaka alipokula.

Jumatatu, 5 Mei

Ukunda, kwa Musau. Yeye ni fundi wa vinyago, Mkamba. Tulijuana ufukweni zamani, mie nikichora watalii mikono, yeye akiwauzia twiga. Nikampa kibao kimoja cha mlango. Akakigeuza, akakigonga kwa kucha.

Sister, hii si mbao. Hii ni ngozi ya mbao, imebandikwa juu ya takataka.

Ngozi yenyewe nyembamba kama karatasi ya halua. Nianze na thina na kitambaa, ile vanishi kuukuu ilainike itoke. Kisha msasa mwororo, kwa upole. Usiforce, anasema. Kisha vanishi mpya, koti juu ya koti, kila koti likauke na lisuguliwe kidogo. Nikamuuliza kama itarudi kama zamani. Akaangalia twiga wake. Itajaribu, anasema.

Sikulipenda jibu hilo.

Jumatano, 7 Mei

Msasa umenila kucha. Vanishi kuukuu inatoka rangi ya mkandaa, chai isiyo na maziwa, nzito, inanata. Lakini chini yake — subhanallah. Mistari inajikunja kama nywele za mtoto zilizolowa. Nimekaa nikiitazama kazi ikinisubiri.

Nimemchukua Baba mkono, nimemshikisha. Umeona? Umekuwa laini. Akapapasa. Akasema bado.

Bado nini, Baba? Bado, anasema. Haijawa.

Basi nikarudi kuisugua. Nikaiforce. Kona ya ule ubao mrefu, upande wa dereva, pale pale mkono wake unapotua, kikatokea kidoa cheupe kama unga wa muhogo. Nikadhani ni vumbi. Nikafuta. Si vumbi. Nimeitoboa ngozi. Chini ndiyo hiyo takataka aliyoisema Musau.

Alhamisi, 8 Mei

Leo Baba amekwenda garini bila kuniambia. Nimemkuta mkono wake uko kwenye bati tupu, penye matundu ya skrubu na nyaya. Ameshuka. Hili si gari langu, anasema. Amelala akielekea ukuta.

Hajala mchana. Jioni nimempa chai akajimwagia mkononi, ya moto kutoka mekoni, hata hakutikisika. Nikamwambia Baba una subira wewe, mie ningelia.

Jumamosi, 10 Mei

Kidole kimebadilika rangi. Harufu pia. Nikifungua kitambaa ananiuliza, kuna nini? Namwambia kinapona.

Hazungumzi. Nimewasha redio, kasema zima. Nimemletea habari za kijijini kwao Jego, nani kaoa, nani kafa. Hana habari na aliyeoa wala aliyekufa.

Mbao ziko kwenye mkeka. Sijazigusa.

Jumatatu, 12 Mei

Hospitali tangu asubuhi. Daktari ni kijana, mpole, anamwita mzee wangu. Akamgusagusa mikono akimuuliza, hapa unasikia? Naam. Na hapa? Naam. Baba anaheshimu madaktari, angejibu naam hata angeulizwa kama yeye ni Mchina. Kidole hakina uhai tena. Kikiachwa kitauchukua mkono.

Na mie niwe namwangalia nyayo kila siku, daktari kaniambia, kwa sababu sukari huua hisia miguuni na mtu hajui. Nyayo nimeziangalia. Hazina kitu, alhamdulillahi.

Amin kasema atakuja.

Jumanne, 13 Mei

Wamekikata.

Amin hakuja.

Ijumaa, 16 Mei

Tuko nyumbani. Baba anasali kwenye kiti. Nilikuwa mlangoni na sinia. Alipofika kwenye tahiyatu, mahali pa kunyanyua kidole, akanyanyua. Bonge la bandeji jeupe, likasimama pale juu ya goti. Nikarudi jikoni na sinia langu.

Baadaye kaniuliza kama ataitikiwa. Nikamwambia Mungu anaiona nia. Kasema najua Mungu anaona, mie ndiye nisiyeona.

Kisha kaniuliza, mbao zimefika wapi?

Neno lake la kwanza kuhusu gari tangu wiki iliyopita. Nimemdanganya. Nimesema zimekaribia.

Jumapili, 18 Mei

Koti la kwanza nililipaka asubuhi, uani, jua zuri. Brashi mpya. Nilishika pumzi kama navuta mstari wa piko kwenye kisigino cha bibi harusi. Likang'aa. Nikaliita jina la Mungu nikaenda kupika.

Kurudi — vanishi imekimbia. Sina neno jingine. Imekimbia mahali pengine, imejikusanya mahali pengine, imeacha vishimo vishimo kama uso wa kijana mwenye chunusi. Kibao hiki, kile, vyote. Nimefuta kwa thina nikapaka tena. Vilevile. Nikapaka mara nyingine kwa hasira. Vilevile, na mbaya zaidi.

Mwanamke mzima nimekaa juu ya kinu nikavitukana vibao sita.

Jumatatu, 19 Mei

Musau amekuja mwenyewe, ana mzigo wa kupeleka Lungalunga. Akaangalia, akasonya. Hii imekunywa mafuta, sister. Mafuta mengi. Waulize watu wako walikuwa wanaipaka nini.

Watu wangu ni mmoja. Nikaenda kitandani kwake. Baba, mbao ulikuwa ukizipaka nini?

Akajigeuza kutoka ukutani. Aliona fahari, maskini. Mafuta ya nazi, mwanangu. Kila Ijumaa kabla ya kwenda msikitini, nazipaka, nazisugua, kisha nafukiza udi milango imefungwa. Mzungu alinipa dawa yake ya chupa, nikaiweka tu. Mlango wa babu yako huko Jego ulipakwa nazi kila Ijumaa na mpaka leo umesimama. Mbao ni mbao.

Baba, ile haikuwa mbao ya mlango. Ile ilikuwa na vanishi yake, ukiipaka mafuta juu haiyataki. Basi yalikuwa yakiingia wapi?

Yalikuwa yakiingia, anasema.

Yalikuwa yakiingia, ndiyo. Kwenye nyufa. Kila ufa mdogo, Ijumaa baada ya Ijumaa, mafuta yakipita chini yakiinua vanishi kutoka chini, moshi wa udi ukinata juu. Hakuna aliyeziharibu mbao hizi ila mapenzi yake. Sikumwambia. Nikamwambia ulizitunza vizuri, Baba. Nikatoka nje nikamkuta Musau amekaa na Shangazi, wanabishana kuhusu jini.

Jumatano, 21 Mei

Mafuta yatoke basi. Musau kaniambia njia ni moja: thina, kitambaa, jua. Tena thina, kitambaa, jua. Jua linaivuta nazi juu, inatoka kwenye mbao kama jasho, unaifuta kabla haijarudi.

Nilianza sijui naingia wapi. Kibao cha kwanza kilipopata moto, harufu ikapanda. Ilikuwa nywele za Mama. Yale mafuta alikuwa akiyapika yeye, uani hapa hapa, kila Alhamisi. Anajipaka kwanza, ananipaka mie, halafu yanayobaki anayatia kwenye kichupa cha dawa ya kikohozi anampa Baba kwa ajili ya gari. Mama amekuwa mle kwenye mbao miaka yote hii na mie nimeshika kitambaa cha thina.

Nimelia, basi. Halafu nikaendelea kusugua, maana ningefanya nini? Baba hali. Kikombe cha uji kimemshinda. Mgongo wake ukigeukia ukuta unaweza kuhesabu mifupa. Akirudi kwenye kiti chake atazungumza, akizungumza atakula. Ndiyo hesabu yangu yote.

Vitambaa nimevitupa shimoni chini ya mpapai.

Ijumaa, 23 Mei

Shangazi kachungulia chumbani mwa Baba, kaniuliza kwa sauti ya chini kama sanda ipo. Nikamtoa nje. Kwa heshima, lakini nilimtoa.

Nilikuwa na bibi harusi Gazi leo, mtoto wa watu, mikono laini. Hina ilipokuwa ikikauka nikaiangalia rangi ile. Nyekundu inayoelekea kahawia. Nikafikiria ile kona niliyoitoboa. Nikachora kidole gumba cha pili vibaya, ikabidi nikifute. Mama wa bibi harusi akanitazama.

Jumapili, 25 Mei

Imeshika! Hina imeshika kwenye ile takataka. Nimeikoroga na ndimu na chai nzito, nimeipaka kidoa, nimeiacha ikauke mpaka ikapasuka, nimeikwangua. Kahawia. Karibu sana na jirani yake. Kisha nimechukua piko na unywele mmoja wa brashi nikavuta mistari, nikaiunga na ile ya pembeni, ikijikunja inapojikunja. Ukiwa umesimama hujui. Ukiinama labda.

Musau alipoiona alicheka hadi akashika mbavu. Sister, umeipeleka harusi. Lakini aliirudia kuiangalia.

Nilikuwa nachora kwa ajili ya mtu asiyeona. Nililijua hilo. Nilichora tu. Na kibao cha mwisho nilichokisafisha nimekinusa, hakina harufu ya nazi, hakina udi, hakina kitu. Musau kasema iko clean. Koti la kwanza limekaa bila kukimbia.

Nimemwambia Baba. Akanywa nusu kikombe.

Jumanne, 27 Mei

Mvua. Nimeamka koti la tatu limefanya ukungu, jeupe juu yake kama jicho la Baba. Nimekaa kitako.

Musau kwenye simu: ni unyevu, usiguse, ngoja jua, nakuja.

Jumatano, 28 Mei

Jua lilitoka adhuhuri. Musau kaja na chupa ya kunyunyizia, kapuliza thina nyembamba juu ya ukungu, nao ukayeyuka mbele ya macho yangu. Mbao zikatokea chini yake, zimelowa mwanga.

Mzee ataipenda, kasema Musau. Nikaanza kukusanya skrubu.

Alhamisi, 29 Mei

Zimeingia. Kila moja imerudi mahali pake, skrubu zote isipokuwa moja iliyomezwa na gari. Nimepitisha mkono kutoka mlango huu hadi mlango ule kama anavyofanya yeye. Haukukwama popote. Utelezi gani huu. Maji ya mtungini hayana utelezi huu.

Nimefagia mazulia, nimefuta viti kwa sabuni, nimefungua milango yote gari lipate hewa. Kesho Ijumaa. Nimemwambia Baba, kesho. Akaniambia nimtolee kanzu iliyopigwa pasi.

Ijumaa, 30 Mei

Niandike yalivyokuwa, nisiongeze.

Baada ya swala amekula ndizi. Mbili. Amevaa kanzu na kofia yake ya vito iliyodariziwa, nimemshika mkono hadi bandani. Kwenye mlango wa gari aliniachilia, akaingia peke yake, mguu kwanza, kama dereva. Akaketi. Akatafuta usukani, akaupata. Mie nimesimama nje nimeshika mlango.

Akapeleka mkono mbele. Ule wa kulia, vidole vilivyobaki. Vikatua pale pale kwenye kona, juu ya hina yangu. Vikaenda. Vikapita ubao wote, polepole, hadi mwisho, vikarudi.

Akavuta hewa puani, mara moja, na tena.

Husna, anasema. Umezileta mbao?

Ndizo hizo, Baba. Umezishika.

Akapapasa tena. Akaongeza mkono wa kushoto. Mikono yote miwili juu ya ubao unaong'aa mpaka nauona uso wake mle ndani. Akasema hapana mwanangu, hili ni bati. Na gari linanuka rangi. Hili ni gari la nani?

Nikaingia upande wa abiria. Nikamshika mkono nikausugua mwenyewe kwenye ubao, kwa nguvu. Hapa, Baba. Na hapa. Huu hapa utelezi wako. Alikuwa akinipa mkono tu, kama mtu anayempa mtoto mkono acheze nao. Ananiuliza kwa upole mbao utazirudisha lini.

Ndipo nikatoa pini ya mtandio wangu. Nikamgusa ncha ya kidole cha kati. Anazungumza. Nikabonyeza. Anazungumza tu, anasema usiniwekee za plastiki Husna, mie nitajua. Tone la damu likatoka, dogo. Nikajaribu cha pete. Nikajaribu mkono wa kushoto. Alikuwa ananielezea vile mzungu alivyosema mti wenyewe unatoka kwao milimani.

Ile damu ya kwanza aliyodhani ni jasho. Ile chai. Zile naam kwa daktari. Nilikagua nyayo kila siku kama nilivyoambiwa, nyayo nzima kama za mtoto, na mikono nilikuwa nimeishika mie mwenyewe. Mbao hazikuwa zimekufa. Mikono ndiyo imekufa. Imekufa muda mrefu, na aliponiambia nikizigusa si zile, alikuwa akisema kweli yake.

Basi gari alikuwa akilijua kwa kitu gani? Nimeketi pale kwenye kiti cha abiria nikajiuliza, na jibu nilikuwa nalinusa. Thina. Sabuni. Nazi hakuna, udi hakuna. Alilijua kwa pua. Kilikuwa ndicho kitu kimoja kilichobaki mle ambacho angeweza kukipata bila macho na bila vidole, nami nimekisugua kibao kwa kibao, nimekianika juani, nimekitupa shimoni chini ya mpapai.

Namchukia nani? Sina wa kumchukia. Musau alinisaidia. Baba alinituma. Kazi niliifanya vizuri, wallahi niliifanya vizuri, na hilo ndilo linaloniuma.

Nimemwambia kesho, Baba. Nitazirudisha kesho, inshallah. Hakutaka kushuka. Kasema atangoja humo humo, asije mtu akalichukua.

Nilikwenda shimoni kwanza. Nilivitoa vile vitambaa. Vinanuka thina na mchanga. Nikavirudisha.

Kisha nikaangua nazi. Nimekuna, nimekamua tui la kwanza, nimelitia sufuriani, nimekoka moto uani pale alipokuwa akikoka Mama. Sijawahi kuyapika mafuta haya peke yangu. Siku hizi tunanunua ya chupa, hayana harufu. Najua nitakachokipata. Nimeshajaribu kwa yale ya dukani, tone moja juu ya ubao mrefu. Halikuingia. Limesimama juu ya vanishi kama mvua juu ya bati, nikaligusa kwa kidole likateremka likaanguka kwenye zulia. Vanishi hii haina ufa hata mmoja. Nilihakikisha.

Nitayapaka tu. Yatakaa leo, kesho yatakuwa yamefutika. Nitayapaka tena kesho. Au nichukue ule msasa nikaikwaruze yote, mafuta yapate pa kuingia? Sijui. Naandika hapa na mwiko mkono mmoja. Tui linachemka, limeanza kukatika, mafuta bado hayajapanda juu. Moshi unaelekea bandani.

Baba anaita kutoka garini. Anauliza ni nani huyo anayepika mafuta leo, si Alhamisi.

Ameuliza tena, na safari hii amemwita Mama kwa jina.